Kebo Haijui Saa

Agosti 19

Kituoni kwetu, penye dishi la kusikiliza redio za angani, kuna daftari moja ambalo kulichezea ni dhambi: daftari la kebo. Kila kebo inayoguswa huandikwa humo kwa wino, pamoja na saa na jina la aliyeigusa. Ukikosea, hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya maneno, yabaki yakisomeka, kisha pembeni unaandika "Kosa" na jina lako. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mimi. Daftari hili ninaloandika sasa ni langu peke yangu, na humu nitakosea nipendavyo.

Leo tumeanza kumfuata Bibi. Jina lake halisi ni refu na la kuchosha. Sisi tunamwita Bibi kwa sababu ni chombo chenye miaka ishirini na miwili angani, kinalizunguka Jua peke yake. Sasa anajongea taratibu kwenda nyuma ya Jua. Sauti yake ya redio lazima ipite kando ya Jua ndipo itufikie hapa bondeni, na ikipita, sumaku ya Jua huisokota. Wimbi lililoondoka limesimama wima hutufikia limeinama. Sisi tunapima limeinama kiasi gani na upande upi. Hapo ndipo tunapojua sumaku ya Jua ina nguvu gani, na kama inaelekea kwetu ama inatupa kisogo. Huko kwenyewe ni moto mtupu, kwa hiyo tunatega sikio kutoka mbali.

Septemba 27 Bibi atafichika kabisa. Siku tatu baadaye atatokea upande wa pili. Desemba wanamzima. Shahada yangu yote ya uzamivu imo katika safari hii moja, na miaka miwili niliyokaa Bonn nikiandika programu ya kuichambua. Sina mwaka mwingine.

Agosti 20

Vumbi. Hakuna jipya.

Agosti 23

Mzee Sebogodi, tunayemwita Ntate, yaani Baba kwa Kitswana, ndiye fundi wetu. Amelitunza dishi hili miaka thelathini na saba na anastaafu Septemba 30. Kondoo wa karamu ya kumuaga amekwisha chaguliwa. Tangu nirudi kutoka Bonn ameniita Mjerumani, na kila mtu hucheka isipokuwa mimi.

"Mjerumani wetu, umeamkaje?"

"Salama, Ntate. Naomba tu mvua isije kabla ya Oktoba."

Akaacha kumenya chungwa lake. "Mtswana anaomba mvua isinyeshe? Sema polepole, wazee wasikusikie."

"Radi zikianza tunalifunga dishi. Unajua."

"Najua, mimi ndiye ninayelifunga. Lakini ng'ombe wangu hawana habari na Bibi yako."

Bonde zima linaomba mvua. Waumini wa kanisa la kijiji cha Bapong wamefunga siku tatu. Mimi naangalia mbingu kila asubuhi, na nikikuta hakuna hata wingu, moyo wangu unatulia. Naona haya kuliandika hili, lakini ndiyo kweli.

Agosti 26

Umeme umekatwa saa mbili asubuhi hadi saa nne. Jenereta imeshika. Majirani wamechoma nyasi kuweka ukanda wa kuzuia moto; moshi hadi ofisini.

Agosti 29

Kuna kitu hakiko sawa.

Si Jua tu linalosokota wimbi. Hewa ya juu kabisa ya Dunia nayo husokota kidogo, na huzidi kadiri mchana unavyokolea, kilele chake saa nane. Programu yangu hukadiria kiasi hicho na kukitoa, libaki Jua tupu. Kwa kuwa Bibi bado yuko mbali na Jua, hesabu ikishafanyika tunapaswa kuona karibu sifuri kutwa nzima. Iñaki, mwenzetu wa Hispania anayemsikiliza Bibi saa zilezile, anaona sifuri. Sisi asubuhi tuna sifuri, kuanzia saa nne mstari unazama, saa nane uko digrii sita chini, jioni unarudi. Leo, jana, juzi.

Kebo ni mbili: moja inabeba sehemu ya wimbi inayojipinda kulia, nyingine ya kushoto. Zikipishana, programu yangu inajumlisha hewa badala ya kuitoa. Julai panya walitafuna kebo hizo, zikatandazwa mpya. Nimefungua daftari: *Julai 11, saa tatu na nusu, kebo mpya kulia na kushoto, K. Sebogodi.*

Agosti 30

Nimemweleza Ntate. Nilijitahidi kuwa na adabu, lakini najua uso wangu.

"Kebo zangu hazijapishana," akasema.

"Ntate, tazama mstari huu. Saa nane, saa nane, saa nane."

"Ndiyo nakwambia. Kebo haijui saa. Ikipishana, imepishana asubuhi mpaka jioni. Kitu kinachoharibika saa nane na kupona jioni si kebo."

"Hewa ndiyo inayojua saa, Ntate. Kebo inaigeuza tu."

Akaonyesha dishi kwa kidole. "Basi tulielekeze dishi kwenye nyota tunayoijua, ile ya kupimia. Nusu siku tu. Itatuambia kulia ni wapi."

"Nusu siku ya Bibi? Siwezi kuitupa."

"Haya, Mjerumani," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Septemba 2

Nimeamuru kebo zibadilishane mahali. Profesa Hettie, mkuu wetu, ameidhinisha kwa simu. Ntate alipanda ngazi na kikasha chake, akashuka, akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: *Saa nne na dakika kumi asubuhi, kulia na kushoto zimebadilishwa, kwa amri ya G. Tlhapi. K. Sebogodi.* Akanipa kalamu nami nitie sahihi. Nikamwambia nina haraka.

Septemba 3

Mstari umenyooka! Asubuhi sifuri, saa nane sifuri, jioni sifuri. Ni kama Hispania. Nimeruka juu ofisini kama mtoto. Nilikuwa sahihi.

Septemba 4

Profesa Hettie amekuja mwenyewe kutoka Pretoria. Akafungua ukurasa wa Julai 11, akapiga mstari mmoja juu ya maneno ya Ntate, pembeni akaandika "Kosa:" na kumsogezea kalamu.

"Andika jina lako, Ntate Sebogodi. Sisi sote tumewahi kuandika. Yaishe."

"Si langu, Profesa."

"Mstari umenyooka baada ya kubadilisha."

"Nimeuona. Hata hivyo si langu."

"Unanifanya niseme kitu ambacho sitaki kukisema."

"Kiseme tu."

Akakisema. Anayekataa kuandika kosa lake hawezi kuaminiwa na kebo za kituo hiki, kwa hiyo akapumzike nyumbani hadi siku ya kustaafu. Karamu hakuna. Ntate akakunja koti lake la kazi, akaliweka juu ya kiti, akatuaga mmoja mmoja. Kwangu alisema, "Usiliache Jua likae katikati ya dishi. Litakuunguzia kipokezi." Basi.

Nilimkasirikia. Kuandika jina tu! Mzee mzima, kiburi cha nini?

Septemba 9

Iñaki: juu digrii tatu. Sisi: chini digrii tatu. Huenda ni kelele tu.

Septemba 10

Joto. Nyasi zinavunjika ukizikanyaga.

Septemba 12

Iñaki: juu saba. Sisi: chini saba. Hii si kelele. Yeye anaona sumaku inaelekea kwetu, sisi tunaona inatupa kisogo. Profesa amekwisha tuma taarifa kwa washirika wote kwamba upande huu wa Jua sumaku imetugeuzia kisogo, jina langu likiwa la kwanza.

Nimemwandikia Iñaki akakague kebo zake. Wamezipishanisha, bila shaka.

Septemba 15

Jibu la Iñaki ni fupi na la adabu, na ndiyo maana linauma. Wametumia nusu siku kuipima nyota inayojulikana. Kebo zao ziko sawa. Anauliza kama sisi tumefanya hivyo. Mkuki kwa nguruwe.

Septemba 17

Nywele zangu bado zinanuka moshi.

Moto ulianza upande wa mashamba saa tano, upepo ukausukuma kwetu. Zimamoto walisema wako njiani kutoka Brits. Tulikuwa saba, na magunia yaliyoloweshwa na matawi. Nilipiga moto mpaka nikawa sioni kwa machozi. Ulipita ukanda wa kusini kana kwamba hatukuukata, na nikawaza kwa sauti kabisa: dishi linakwenda, Bibi anakwenda.

Ndipo nikasikia watu upande wa pili wa ua. Wanaume kumi, kumi na wawili, wa Bapong, wamekuja na trekta yenye pipa la maji, na mbele yao Ntate Sebogodi, kofia ya kanisani kichwani. Anajua nyasi zote za hapa. Aliwapanga mstari, akawachomesha moto mdogo wa kuupokea ule mkubwa, na ile miwili ilipokutana ikafa kwa kukosa chakula. Ilichukua kama saa nzima. Dishi halikuguswa.

Nilimkuta kwenye bomba la nje, anakunywa kwa kiganja. Lango lilikuwa wazi na hakuingia.

"Ntate, ingia ndani upate chai."

"Nimeambiwa nipumzike nyumbani."

"Lakini umekuja kuzima moto."

"Moto ulikuwa nje ya ua," akasema. "Bibi yako hajambo?"

"Hajambo, Ntate."

"Haya."

Akafuta mdomo, akapanda trekta. Nilisimama pale na gunia langu hadi vumbi lao likatua. Nimekuwa nikimwita mtu huyu mwenye kiburi wiki mbili nzima.

Septemba 19

Nimelipata. Natamani nisingelipata.

Iñaki: juu kumi na tano. Sisi: chini kumi na tano. Ukiuweka mstari wangu mbele ya kioo, unapata wake. Kitu kinachogeuza Jua zima namna hii ni kebo zilizopishana kweli. Lakini mimi ndiye niliyeamuru zibadilishwe. Kwa hiyo kabla ya hapo zilikuwa sawa. Kwa hiyo ule mstari wa saa nane ulitoka wapi?

Kebo haijui saa, alisema. Nikamjibu kwa ujeuri kwamba hewa ndiyo inayojua saa. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalitumia kumnyamazisha mzee. Hewa ni kazi ya programu yangu.

Nimeifungua. Niliiandika Bonn, nikaijaribu Bonn, ikaenda vizuri Bonn. Kaskazini kule sumaku ya Dunia inaingia ardhini, na hewa husokota wimbi upande mmoja. Hapa kwetu kusini sumaku inatoka ardhini kwenda juu, na hewa husokota upande wa pili. Alama moja tu ya kutoa ilitakiwa iwe ya kujumlisha. Nilirudi nyumbani na programu ya kaskazini nikasahau niko wapi. Badala ya kuiondoa hewa nikaiongeza mara mbili. Kisha nikapishanisha kebo, kulia ikawa kushoto, na programu mbovu ikakutana na kebo mbovu zikapatana. Mstari ukanyooka, na Jua likageuka kichwa chini.

Mjerumani. Aliniita hivyo kila siku na sikusikia.

Septemba 20

Nimegeuza alama zote mbili ndani ya kompyuta, ya hewa na ya kebo. Sasa tunalingana na Iñaki hadi digrii moja, tangu siku ya kwanza. Imewezekana kwa sababu Ntate aliandika dakika yenyewe ya kubadilisha. Bila dakika hiyo Septemba 2 yote ingekuwa takataka.

Profesa amepiga simu. "Tumelingana! Ilikuwa nini?"

"Marekebisho madogo ya programu."

"Vizuri. Taarifa tutairekebisha kimyakimya. Na kebo?"

"Kebo ziko sawa."

Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Septemba 21

Sikumwambia mtu.

Septemba 22

Matawi ya mgunga pale langoni yameungua upande mmoja. Sikumwambia mtu.

Septemba 24

Siku ya Urithi, sikukuu ya taifa. Wenzangu wamechoma nyama nyuma ya karakana, wakaweka muziki. Kiti chenye koti la Ntate hakuna anayekikalia. Nimejiambia: kazi imeokoka, data ni safi, mzee anastaafu kwa vyovyote, pensheni yake haiguswi. Nani ameumia? Nimejiambia hivyo hadi nyama ikapoa. Nikikiri, kamati ya shahada itauliza ni nini kingine nilikosea, na pengine nitaambiwa nirudie mwaka ambao haupo. Naogopa. Hiyo ndiyo sababu, nyingine zote ni mapambo.

Septemba 26

Mawingu ya kwanza, mbali, juu ya milima ya Magaliesberg. Bibi yuko ukingoni mwa Jua, sauti yake inakwaruza. Msokoto: digrii arobaini na moja.

Septemba 27

Saa sita na dakika nane, Bibi amefichika. Kimya.

Septemba 28

Hakuna wa kumsikiliza, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nimekwenda Bapong.

Ntate alikuwa anakaza waya wa zizi. Mkewe akaniletea bogobe, uji wetu mzito, na maziwa ya mgando kabla sijafungua mdomo, na kukila chakula cha watu hao kulinishinda. Nikasema yote nikiwa nimesimama: Bonn, alama, kebo, simu ya Profesa. Nikalia, na nilikuwa nimeapa sitalia.

Ntate aliendelea kukaza waya wake hadi nguzo ya mwisho.

"Nilijua siku ile ile si kebo," akasema. "Sikujua ni nini. Kwa hiyo ni hewa."

"Ni mimi, Ntate."

"Ni wewe na hewa."

"Mbona hukuandika tu jina? Ungefanyiwa karamu yako."

"Nimeandika jina langu kwenye lile daftari mara kumi na moja. Kumi na moja, na zote zangu. Nikiandika ya kumi na mbili ambayo si yangu, nani ataziamini zile kumi na moja?"

Nikamwomba radhi. Mama Sebogodi akasema kosa moja haliachi mke, nami nile. Ntate hakusema amenisamehe. Alisema, "Umenieleza mimi. Mimi nilikuwa najua. Kwa hilo hukuhitaji kulipa nauli. Waambie wasiojua."

Septemba 30

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Profesa Hettie, Pretoria, na nikasema yote kabla hajaketi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Unajua taarifa ile imesomwa na watu wangapi?"

"Najua."

"Na wiki iliyopita, kwenye simu?"

"Nilikudanganya, Profesa."

Akavua miwani, akajifinya kati ya macho. "Kamati nitaiandikia mimi, na nitaandika ukweli. Sijui watasemaje." Kisha akainua simu, na nikamsikia akimwomba Ntate Sebogodi aje, si kumwagiza.

Tuliporudi kituoni, Ntate alikuwa amefika, amevaa suti ya kanisani. Akachukua koti lake kitini, akalivaa juu ya suti, akapanda ngazi na kikasha. Saa saba kasoro dakika tano kebo zilikuwa mahali pake. Bibi alitokea upande wa pili wa Jua, hafifu, sauti yake ikikwaruza, na tukamsikiliza nusu saa hivi. Kisha Magaliesberg ikapiga radi. Ntate akanitazama. Nikasema, "Lifunge, Ntate." Dishi likageuka polepole kutazama juu, na mvua ikaja, nzito, ya kelele, juu ya bati. Sote tulikimbilia chumba cha mitambo, wote wa kituo, tumelowa.

"Pula," akasema Ntate, neno letu la mvua na baraka. "Wazee walikusikia vibaya."

"Pula," nikajibu, na nilimaanisha.

Daftari la kebo lilikuwa mezani. Profesa alifungua Julai 11, penye neno lake "Kosa:" na nafasi tupu mbele yake iliyongoja siku ishirini na sita. Akapiga mstari mmoja juu ya neno hilo, na chini yake, mbele ya watu wote, akaandika: *Kosa, H. Nagel.* Kisha akanipa kalamu.

Nikafungua Septemba 2. Nikapiga mstari juu ya amri yangu, taratibu, maneno yabaki yakisomeka. Nikaandika: *Kosa. Kebo zilikuwa sawa. Alama ya hewa katika programu ilikuwa ya kaskazini. Gaone Tlhapi.* Ilisikika mvua tu. Nikaweka kalamu chini.

Ntate Sebogodi aliinama, akasoma neno kwa neno, kidole chake kikifuata mwandiko wangu. Akaichukua kalamu, akanirudishia.

"Na saa, mwanangu."

Nikatazama ukutani. Ilikuwa saa nane.